Shangazi kalala, oksijeni 99, kumbe hewa chafu imemjaa

Mwenzenu nimekaa na hii habari toka mwezi wa nne, kila nikitaka kuiandika naingia zamu, nikitoka zamu nalala, leo nimepata siku mbili za mapumziko na mvua imenifungia ndani hapa Mikanjuni, Tanga, basi acha niitoe yote. Mimi ni nesi, ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, mwaka wa sita huu, na kipimo ninachokipenda na kukigombania kuliko vyote ni kile cha gesi za damu, sisi kazini tunakiita ABG tu. Wengi hamkijui kwa sababu si kipimo cha kuandikiwa ukaenda dirishani ukatolewa damu ukarudi zako nyumbani, ukiona unafanyiwa hicho ujue uko wodini na watu wana wasiwasi na wewe. Nami nlikuwa nakijua kikazi tu, mpaka kilipomfika shangazi yangu.

Shangazi kakaanga samaki maisha yake yote. Alfajiri anakwenda soko la samaki la Deep Sea kuchukua mali, vibua, tasi, dagaa msimu wake ukifika, anarudi nazo bandani kwake, makarai mawili makubwa, mafuta yanachemka kuanzia saa tatu mpaka jioni. Moto wake ni kuni na makumbi ya nazi na vifuu, na ule upepo wa kusi ukianza kupiga unauzima moto kwaiyo banda lilizibwa mabati pande tatu zamani sana. Mimi nikiingia mle dakika mbili macho yananitoka machozi, yeye anakaa saa sita, saa nane, kila siku, miaka thelathini na kitu. Sigara hajawahi kuigusa hata siku moja. Kikohozi chake cha asubuhi sisi wote tumekua nacho, tulikuwa tunajua Shangazi kaamka kwa kukisikia kile kikohozi, alafu ndo unasikia ndoo. Nimekwenda chuo nikasomea unesi nikarudi, nikakisikia kikohozi kile kile kibarazani, na bado sikukiwaza, nilishakizoea kama adhana.

Sasa masika haya akapata mafua, yale ya kawaida, kila mtu mtaani alikuwa nayo. Wengine wakapona yeye yakashuka kifuani. Siku nne hakuweza kulala chali, anakaa kitandani mikono kaishika magotini, mabega yamepanda juu, anavuta hewa kama mtu aliyetoka kukimbia, na asubuhi analalamika kichwa kinamgonga. Binamu yangu akampeleka kituo kimoja cha karibu. Wakampima malaria hana, wakasikiliza kifua kinapiga filimbi, wakampulizia dawa ya kifua, wakamuwekea oksijeni kwa maski, wakaifungulia sana. Kile kidude cha kubana kidoleni kilikuwa kinasoma asilimia 80 na kitu alipofika, baada ya nusu saa kikasoma 99. Hapo binamu akanipigia simu mimi ndo natoka zamu ya usiku, sauti yake imejaa furaha, akaniambia "Dada, mama kalala. Siku ya nne leo ndo kalala."

Nikasema alhamdulillah. Naapa nlisema hivyo, mimi nesi wa ICU, nikatembea mpaka kwenye bajaji moyo mweupe kabisa.

Nlipofika chumba kizima kimya, wifi yangu anamfunika miguu na kanga, akaniwekea kidole mdomoni, usimwamshe. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, umelowa jasho, mapigo yanagonga kwa nguvu yamejaa. Mtu aliyechoka akalala mkono wake hauwi vile. Nikamwita, "Shangazi, shikamoo." Kimya. Nikamtikisa bega akafungua macho, akanitazama, akaniita jina la marehemu mama yangu, akaanza kusema kitu juu ya samaki wasipinduliwe mapema, na katikati ya sentensi akarudi usingizini. Nikamkalisha kwa nguvu, nikamwambia Shangazi nyoosha mikono mbele, viganja juu kama unasimamisha gari. Akanyoosha. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, kama mbawa za kuku aliyefungwa miguu. Pale pale nikajua.

Kile kidude cha kidoleni kazi yake ni moja, kinakwambia damu imebeba oksijeni kiasi gani. Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, ndo aliyeibuni njia yake mwanzoni mwa miaka ya sabini na kimeokoa watu wasiohesabika, simsemi vibaya hata kidogo. Lakini pumzi ni kuingia na kutoka. Unaingiza oksijeni, unatoa kaboni dayoksaidi, na ile ya kutoka kidude hakiioni kabisa. Mtu anaweza kuwa na oksijeni 99 kidoleni huku hewa chafu imejaa mwilini mpaka imeufika ubongo inamlaza, na ukimtazama haraka haraka utasema maskini anapumzika.

Nlibishana pale, kwa adabu, na tukaruhusiwa tukamhamishia hospitali kubwa ambako kipimo kipo. Daktari wa zamu kijana mdogo tu, hakupoteza muda, akasema tunachukua ABG. Na kwa kuwa nlikuwa upande wa ndugu siku ile, nikaachiwa kazi ya kumshika mkono.

Damu ya kawaida mnayotolewa inatoka kwenye vena, ile mishipa inayoonekana juu juu. Hii inatoka kwenye ateri, mshipa unaodunda pale kifundo cha mkono upande wa dole gumba, kwa sababu damu ya ateri ndo imetoka mapafuni na moyoni sasaivi, haijatumika bado. Kwanza akaubana mkono wa Shangazi pande zote mbili za kifundo, akamfumbisha ngumi na kuifumbua mara kadhaa mpaka kiganja kikapauka, alafu akaachia upande wa kidole kidogo peke yake, tukatazama rangi ikirudi, na kwa watu weusi kama sisi tazama kiganjani na kwenye kucha. Ikirudi upesi maana yake mkono una mshipa wa pili unaoulisha, hata huu ukipata hitilafu mkono hautakufa. Kipimo hicho cha kubana kina jina la daktari Mmarekani, Allen, kipo toka 1929, na sipendi nikiona mtu anakiruka ati ana haraka.

Akaweka kitaulo kilichokunjwa chini ya kifundo mkono ukapinda nyuma kidogo, akatafuta mdundo kwa vidole viwili, akavitenganisha, na katikati yake akaingiza sindano imelala kidogo. Nawaambia ukweli inauma kuliko damu ya kawaida. Shangazi aliyekuwa haamki kwa kuitwa akakunja uso. Alafu damu ikaja yenyewe, hakuvuta, inapanda kwenye bomba la sindano kwa kusukumwa na moyo, pu, pu, pu, nyekundu inayong'aa. Mililita moja hivi inatosha. Akatoa sindano, mimi nikabana pale kwa pamba dakika tano nzima kwa saa, maana ateri usipoibana vizuri damu inavimbia ndani. Yeye akainua bomba juu akaligonga kwa ukucha, povu la hewa likapanda akalisukuma nje, akafunika, akaliviringisha taratibu katikati ya viganja damu ichanganyike na ile heparini ya kuzuia isigande, akatoka mbio.

Hilo povu watu wanalidharau. Hewa tunayovuta ina oksijeni nyingi na kaboni dayoksaidi karibu hakuna, sasa ukiacha povu ndani ya bomba na damu ikakaa nalo, majibu yatadanganya, mgonjwa mbaya ataonekana ana nafuu. Na damu ikichelewa zaidi ya nusu saa mezani seli zake zinaendelea kula oksijeni na kutoa uchafu mle mle bombani, unapima tena kitu ambacho hakikuwa mwilini. Na uandike mgonjwa alikuwa kwenye oksijeni kiasi gani wakati unamtoa damu. Nimeshapokea majibu mazuri kabisa yasiyo na hilo jambo moja, nikashindwa kuyasoma.

Dakika chache karatasi ikatoka, nyembamba, kama risiti ya EFD. Namba nlizisoma zikiwa mkononi mwa daktari na mpaka leo nazikumbuka kama namba ya simu yangu. pH 7.21. Kaboni dayoksaidi 88. Baikaboneti 34. Oksijeni 150.

Niwasomee kwa lugha ya nyumbani. pH ni kipimo cha uchachu wa damu, na damu yetu inakaa mahali pembamba sana, 7.35 mpaka 7.45, ikishuka chini ya hapo imechacha, ikipanda imezidi upande wa pili. Ya Shangazi imechacha vibaya. Imechachuka kwa nini? Kuna njia mbili kubwa, ama mapafu yameshindwa kutoa kaboni dayoksaidi, kwa sababu ile hewa ikiingia kwenye maji ya damu inageuka asidi, ama mwili wenyewe umetengeneza asidi au umepoteza baikaboneti ambayo kazi yake ni kuipooza. Kaboni dayoksaidi ya mtu mzima ni kati ya 35 na 45, hizo ni milimita za zebaki, yake 88, maradufu. Jibu hilo, mapafu. Oksijeni ya ateri kwa kawaida ni 80 mpaka 100 hivi, nazo ni milimita za zebaki, si zile asilimia za kidoleni, yeye 150, yaani tumemjaza oksijeni kupita hata mtu mzima wa afya na bado anazama.

Lakini kilichonishika mimi koo ni ile 34. Baikaboneti ya kawaida ni 22 mpaka 26. Ikiwa juu hivyo maana yake figo zimekuwa zikiihifadhi zipooze uchachu, na figo hazifanyi kazi hiyo kwa saa moja, zinachukua siku na siku. Kwaiyo ile karatasi ilikuwa inatuambia kwamba huyu mama hakuanza kujaa hewa chafu leo wala juzi, amekuwa akiishi nayo muda mrefu, mwili wake umeizoea na kujipanga kimya kimya, na haya mafua yamekuja kuumwaga mpango wote. Miaka yote ya makumbi na vifuu ilikuwa imeandikwa pale kwa namba moja. Kama mapafu yangeshindwa ghafla asubuhi ile tu, kwa 88 hiyo baikaboneti isingepanda hivyo na pH ingekuwa chini sana zaidi.

Daktari akasema, punguzeni oksijeni.

Binamu yangu alikuwa mlangoni akasikia. Nlimuona anavyobadilika rangi. Akanivuta korido, machozi yanamtoka, "Dada mnapunguza oksijeni? Mama hapumui vizuri nyie mnapunguza? Mnataka kumuua?" Na mimi simlaumu, kila mtu alishaona kwenye simu enzi za korona watu wanagombania mitungi, mtu yeyote anajua oksijeni ni uhai. Nikamkalisha kwenye benchi. Nikamwambia, kaka, banda la mama unalijua. Mlango upo, hewa inaingia. Moshi ndo hauna pa kutokea. Ukipepea mlangoni na feni kubwa moshi utatoka? Akanyamaza. Nikamwambia mapafu ya mama ndo banda lile.

Nikamweleza na hili ambalo hata wenzetu wa kazi wengine wanalichanganya. Mapafu yaliyoharibika yana sehemu zinazopitisha hewa na sehemu zilizoziba, na mwili una akili, unabana mishipa ya damu kwenye sehemu zilizoziba ili damu isipotee bure huko. Ukimwaga oksijeni nyingi ile mishipa inafunguka, damu inakwenda kwenye sehemu ambazo hazitoi hewa, inarudi na uchafu wake. Na zaidi ya hapo, chembe nyekundu ikishika oksijeni nyingi inaiachia kaboni dayoksaidi iliyokuwa imeibeba, inabaki kwenye damu. Ndo maana wagonjwa wa aina hii tunalenga 88 mpaka 92 kidoleni, hatutafuti 99. Kule Tasmania, Australia, walilijaribu hili ndani ya ambulensi, matokeo yakatoka 2010, wagonjwa 405, waliopewa oksijeni nyingi kama kawaida walikufa 9 katika kila 100 na waliopimiwa walikufa 4. Oksijeni ni dawa jamani, ina dozi.

Wakamvalisha ile maski inayobana uso, BiPAP, mashine inasukuma hewa akivuta na kuachia akitoa, inayasaidia mapafu kumwaga. Mwanzo alipambana nayo, anaivuta, nikakaa kitandani pembeni nimemshika mikono yote miwili namwambia Shangazi vuta, toa, vuta, toa, kama anavyotufundisha kupuliza moto. Saa mbili baadae daktari akatoa damu tena. pH 7.30, kaboni dayoksaidi 71. Inashuka. Usiku ule sikulala na sikuwa na zamu. Asubuhi yake 7.38 na 58, baikaboneti 33, na kidoleni anasoma 90 tu, na akafungua macho akauliza vibua vyake nani kavichukua.

Oksijeni 90 yuko macho anaulizia biashara. Oksijeni 99 alikuwa ananiita jina la marehemu.

Baadae nikaenda kusoma kipimo hiki kilitoka wapi, sijui kwa nini sikuwahi kufanya hivyo, na nilichokikuta kilinisimamisha nywele. Mwaka 1952, Copenhagen, Denmark, ulizuka ugonjwa wa kupooza, polio, hospitali ya Blegdam ikafurika. Polio ilikuwa inapooza mpaka misuli ya kupumulia. Mashine walizonazo, lile pipa la chuma analolazwa mgonjwa ndani limsaidie kupumua, moja, na za kufunga kifuani sita. Katika wagonjwa 31 wa mwanzo waliohitaji kusaidiwa kupumua wakafa 27. Na wengi walikuwa wana rangi nzuri, wa moto, wanatoka jasho, presha iko juu, wanasinzia. Ule ule mkono nlioushika mimi. Maabara walikuwa wanaona baikaboneti ya damu iko juu sana, wakafikiri damu imezidi upande usio wa asidi, ugonjwa fulani wa ajabu, wakashindwa kuelewa. Ndo akaitwa daktari wa usingizi Bjørn Ibsen, akatazama, akasema hapana, hawa wamejaa kaboni dayoksaidi, hawaitoi. Tarehe 27 Agosti wakampa binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, akatobolewa koo, akawekewa bomba, Ibsen akaanza kumpumulia kwa kubinya mfuko kwa mkono. Binti akarudi. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1500 kwa jumla, wanapokezana zamu mchana na usiku, kila kitanda mwanafunzi kakaa kichwani anabinya mfuko, miezi. Vifo vikashuka chini ya nusu.

Mkuu wa maabara pale, Poul Astrup, akaona haiwezekani kuendelea kubahatisha, akashirikiana na kampuni ya Radiometer ya mjini kwao kupata namna ya kupima uchachu wa damu haraka na kupiga hesabu ya kaboni dayoksaidi. Marekani nako Leland Clark akatoa kipimo cha oksijeni ya damu mwaka 1956, na John Severinghaus akakamilisha cha kaboni dayoksaidi akaviunganisha vyote na pH kwenye mashine moja mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Ibsen mwaka 1953 akafungua wodi ya wagonjwa mahututi inayohesabiwa ndo ICU ya kwanza. Kwaiyo wodi ninayoingia kila siku na karatasi ile nyembamba ni ndugu wa tumbo moja, na vyote vimezaliwa na kosa la kusoma baikaboneti 34 kama ya Shangazi ukadhani ni kitu kingine.

Na si mapafu tu, hapo ndo nataka mnielewe kwa nini nakigombania. Mtoto ana malaria kali, anapumua kwa kina na kwa kasi, mama anasema kifua kimembana, unasikiliza kifua kisafi kabisa. Anapumua vile kwa sababu damu imechacha kwa asidi ya laktiki na mwili unajaribu kuitoa kwa kupumua. Baikaboneti chini ya 15 au laktiki kuanzia 5 ni dalili ya malaria kali kwenye vigezo vya WHO, na mtoto huyo ukimpa dawa ya kifua ukamrudisha nyumbani Muheza au Pongwe hutamuona tena. Mwenye kisukari ambacho hakijulikani hivyo hivyo, kiu siku zote, mkojo, anakonda, alafu anaanza kupumua kwa kina, Mjerumani Kussmaul aliielezea pumzi hiyo toka 1874. Huyo kwanza mchome kidole upime sukari, ni kipimo cha bei ndogo na kipo hata zahanati, usisubiri ABG, lakini ABG ndo itakwambia asidi imefika wapi na kesho yake kama dawa inafanya kazi. Karatasi yake inakuwa kinyume na ya Shangazi, pH chini, baikaboneti chini, na kaboni dayoksaidi nayo chini kwa sababu mapafu yanahangaika kusaidia.

Na jiko la mkaa. Naomba hili mulishike hata kama mengine mtayasahau. Mvua kama hii watu wanaingiza jiko ndani, wanafunga madirisha, maharage yanaiva taratibu huku wamelala. Moshi wa mkaa uliowaka hauonekani na hauna harufu ya kukuamsha, ni kaboni monoksaidi, inashika chembe nyekundu mahali pa oksijeni. Na kile kidude cha kidoleni hapo kinadanganyika kabisa, kinaiona damu hiyo kama imejaa oksijeni, kinasoma 98 mtu anakufa. Mashine za gesi za damu zenye uwezo wa kusoma aina za chembe nyekundu ndo zinaitaja kwa jina. Na huyo, tofauti na Shangazi, oksijeni yote mpe, asilimia mia, ndo inayoifukuza.

Sasa kinachonisononesha. Mashine zipo siku hizi sehemu nyingi kuliko zamani, korona ilileta vifaa. Lakini mashine bila katriji, vile vikasha vya kupimia vinavyoingizwa ndani yake, ni pambo. Katriji zinakaa kwenye friji, zinaisha muda, zina bei, na umeme ukikatika friji ikapata joto zimeharibika. Hospitali moja nlipowahi kufanya kazi, siitaji, mashine ilifunikwa kitambaa cheupe kizuri na juu yake pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Miezi. Mgonjwa anasinzia, sisi tunatazama kidoleni, 97, tunaandika hali inaendelea vizuri. Nikifikiria wangapi niliwaandikia hivyo usingizi haunijii. Anayeagiza vifaa anatazama bei ya katriji moja anasema ghali, na hajawahi kusimama korido na mtu anayemuuliza mnataka kumuua mama.

Kwa wenzangu mlio sehemu zenye mashine lakini hamna mkono mwepesi wa ateri, msikae bila kupima. Damu ya vena inatosha kwa maswali mengi, pH yake inapishana kidogo sana na ya ateri, na kaboni dayoksaidi ya vena ikiwa chini ya 45 basi mgonjwa hajajaa, umeshapata jibu. Oksijeni tu ndo hutaisoma kwa damu ya vena, na hiyo kidude cha kidoleni kinacho. Na kama hamna mashine kabisa basi mshikeni mgonjwa mkono. Uko wa moto una jasho? Anasinzia kuliko jana? Mikono ikinyooshwa inapigapiga? Kichwa kilimuuma asubuhi? Anayekohoa miaka aliyepikia kuni, mpunguzieni oksijeni mpaka kidoleni isome 88 hadi 92, mpulizieni dawa, na mumsafirishe. Na ndugu mnaouguza, mgonjwa wa pumzi akilala ghafla baada ya siku za kukesha, mwamsheni. Mwacheni akasirike. Mulizeni jina lenu.

Shangazi saivi yuko kwake Makorora, anatumia dawa ya kuvuta kwa mdomo na anaikosea kosea namna ya kuivuta mpaka nimemchorea ukutani. Kukaanga hakuacha, tulimuomba sana, akasema mwanangu nikikaa bure ndo nitakufa. Basi binamu akabomoa mabati yote ya pembeni, likabaki paa na nguzo, na makarai yakahamia kwenye jiko la gesi, lile moja la zamani la mawe matatu kalibakisha kwa ajili ya kusi likiwa kali na gesi imeisha, hapo tunaendelea kuvutana. Ile karatasi ya kwanza nliomba nikaitunza kwenye kava la simu. Juzi nimeitoa maandishi yameshafifia yote, karatasi zile zinafutika kwa joto, 88 yenyewe ndo inaonekana kwa mbali ukiigeuza kwenye mwanga. Nimeichukua kalamu nikaandika upya juu yake.